Tabibu Aliyetaka Ukano Wake Ukatike

Mtu mzima aliyekwisha kunenepa, kisha akaazimia ghafula kupunguza uzito kwa kukimbia kila alfajiri, mara nyingi hukwama kwa sababu ya ukano wa kisigino, nao ni ule unaoanzia kwenye shavu la mguu ukashuka hadi kushika mfupa wa kisigino. Ukano huo ndio mkubwa kupita kano zote za mwili, na wakati wa kukimbia hubeba mzigo unaoshinda uzito wa mwili mzima mara kadhaa. Kwa hiyo, mwenye pupa ya kuongeza masafa kabla ukano haujazoea, asubuhi moja atashuka kitandani akichechemea, na maumivu yale huweza kumkalia miezi mingi.

Nasaha aliyokuwa akipewa zamani ilikuwa kupumzika, na kama kupumzika hakukufaa, kupasuliwa. Katika miaka ya 1990, mjini Umeå, kaskazini mwa Uswidi, tabibu wa mifupa aitwaye Håkan Alfredson, ambaye naye alikuwa mkimbiaji, alipatwa na maradhi hayo hayo akamwomba mkubwa wake ampasue. Mkubwa akakataa, kwani hakutaka kumkosa kazini kwa muda wote wa kuuguza jeraha. Alfredson akaona hila ni moja tu: aushurutishe ukano kwa mazoezi mazito mpaka ukatike, ili isiwepo tena hoja ya kumnyima upasuaji. Akashusha kisigino chake kwa uzito siku baada ya siku, maumivu yakazidi, kisha, kinyume cha matumaini yake, yakaanza kupungua hata akapona.

Mwaka 1998 yeye na wenzake walitangaza habari za wakimbiaji 15 waliotibiwa kwa njia hiyo, na wote, baada ya majuma 12, wakarejea kukimbia kama awali. Watu 15 ni wachache, na waliotibiwa baadaye kwingineko hawakupona wote. Lakini dawa hii haina gharama ila subira, jambo ambalo si la kudharauliwa.

Mgonjwa husimama ukingoni mwa kidato cha ngazi kwa nyayo za mbele, akashika ukuta, akajiinua kwa mguu mzima, kisha akauhamishia mguu mgonjwa uzito wote na kushuka polepole mpaka kisigino kipite chini ya kidato. Hufanya hivyo mara 15, kwa mafungu matatu goti likiwa limenyooka, na mafungu mengine matatu goti likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, ambayo kwa hesabu ni mara 180 kwa siku. Maumivu yanayostahimilika hayamzuii. Na yakiisha, hujitwika mkoba wenye vitabu ili mzigo uongezeke.

Sababu ni kwamba ukano hujijenga taratibu sana, na usiposhughulishwa hudhoofika. Mzigo uliopimwa ndio unaouamsha. Mwaka 2015 watafiti wa Denmark walionyesha kwamba hata kuinua na kushusha mizigo mizito kwa utulivu, mara tatu tu kwa juma, huleta matokeo yasiyopungua, na mimi naona njia hiyo inamfaa zaidi mwenye shughuli nyingi.

Wakati huo wote baiskeli na kuogelea hutunza pumzi, na kuhusu uzito, ukweli usiopendeza ni kwamba sahani hupunguza zaidi kuliko mbio.

Mwenye maumivu pale pale ukano unaposhikana na mfupa asikiteremshe kisigino chini ya kidato, bali afanye zoezi lake sakafuni. Na yeyote ambaye ghafula amesikia mlio nyuma ya mguu, akadhani amepigwa teke, kisha akashindwa kusimama kwa ncha ya vidole, huyo ngazi si yake: aende hospitali siku ile ile.