Umeachana Naye, Mbona Bado Unamdai?

Mwaka wa pili sasa tangu muachane. Namba yake umeifuta (ingawa kichwani unaijua yote), picha hazipo, na marafiki umewaambia, "Yule nilishamsahau zamani." Halafu mtu anakudokeza kwamba kaonekana Mlimani City na mchumba mpya, basi siku yako imeharibika. Chakula hakishuki. Usiku unaazima simu ya shosti wako ili uchungulie picha zake.

Mpenzi msomaji, hapo hujaachilia. Umeacha kuonana naye tu, lakini bado unamdai. Unataka akuombe radhi, ajute, akurudishie miaka minne yako. Kiswahili chetu kinalijua jambo hili: tunasamehe kosa, na tunasamehe deni, kwa neno lile lile.

Wengi hudhani dawa ni kujikaza usimfikirie. Wapi! Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake waliwaomba wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika 5, na kila akiwajia wapige kengele. Kengele zililia. Waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, dubu aliwajaa kichwani kuliko wale ambao hawakukatazwa tangu mwanzo. Sasa kama dubu ambaye hujawahi hata kumchemshia chai anagoma kutoka, itakuwa mtu uliyekuwa unamchagulia mashati?

Na mwili nao unaumia. Mwaka 2001 Charlotte Witvliet wa Hope College, Michigan, na wenzake walichapisha utafiti wa wanafunzi 71 waliotakiwa kuwakumbuka watu waliowakosea. Walipowaza kwa kinyongo, mapigo ya moyo na presha vilipanda, jasho likaongezeka, nyuso zikakunjamana. Walipowaza kusamehe, mwili ulitulia zaidi. Na mkosaji mwenyewe wala hakuwepo chumbani!

Inafanyikaje basi? Everett Worthington, profesa wa Marekani, alikuwa tayari anautafiti msamaha pale mama yake mzazi alipouawa na mtu aliyevunja nyumba, kipindi cha kuamkia mwaka mpya wa 1996. Kwa hiyo anayoyafundisha yalimgusa mwenyewe. Anasema kumbuka jeraha bila kujidanganya. Jaribu kuelewa mkosaji alikuwa na nini moyoni. Mpe msamaha kama zawadi, si kwa sababu anastahili. Kisha utamke au uandike kwamba umesamehe, ushikilie hapo hapo hasira zikirudi. Na zitarudi, jamani. Kukumbuka siyo dalili kwamba hukusamehe.

Tusichanganye mambo lakini. Kusamehe si kurudiana. Anayekupiga, ondoka, toa taarifa polisi, mengine utayashughulikia ukiwa salama. Na kama ana laki nane zako alizokopa za kufungulia duka, mdai! Hilo ni deni la kweli na lina risiti.

Kwa walio kwenye ndoa kazi ni ngumu zaidi, maana mdaiwa mnalala naye kitanda kimoja. Mmeanza kubishana kuhusu ada ya mtoto, mara limetolewa lile kosa la mwaka 2019 ambalo ulisema limekwisha. Mwenzako anabaki anashangaa, kwani hatamaliza kulipa lini? Kama bado linauma, liseme siku mmetulia, peke yake, kwa jina lake. Usiliweke akiba kwa ajili ya ugomvi.

Jaribu hivi usiku wa leo. Chukua karatasi, orodhesha kila unachomdai yule mtu: samahani, sikukuu alizokuacha peke yako, harusi ambayo mama alishaanza kuitangazia ukoo mzima. Halafu pitia mstari kwa mstari, ujiulize kipi anaweza kukulipa hata akitaka. Anza kufuta vile ambavyo hawezi.