Kosa Lisilojificha: Maana na Matumizi ya Neno "Flagrant"

Katika habari za Kiingereza zinazohusu mahakama, diplomasia na michezo, kivumishi "flagrant" hutumika kulitaja kosa lililotendwa peupe, kiasi kwamba mtendaji wake hawezi kulikana wala kudai kuwa aliteleza. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini flagrare, yaani kuwaka moto, na uhusiano wake na uovu umetokana na lugha ya sheria, ambamo mhalifu aliyefumaniwa husemwa kuwa amekamatwa in flagrante delicto, maana yake kosa likiwa bado linawaka.

Maana hiyo ya kufumaniwa ingali hai katika nchi zilizorithi sheria za Kifaransa na Kibelgiji. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa mfano, kifungu cha 107 cha Katiba ya mwaka 2006 kinamkinga mbunge asikamatwe bila idhini, isipokuwa akikutwa katika hali hiyo. Hapa neno halipimi uzito wa kosa bali wakati wake: kosa linatendeka sasa hivi au limetoka tu kutendeka, kwa hiyo hata wizi mdogo unaweza kuingia.

Kiingereza cha leo kimeongeza uzito juu ya uwazi. Katika ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, ambako takriban kila faulo hutendwa mbele ya macho ya watazamaji, jina hilo limetengewa faulo mbaya tu: daraja la kwanza ni la mguso usio wa lazima, na la pili ni la mguso usio wa lazima na uliopita kiasi, ambao humtoa mchezaji uwanjani.

Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu imekiweka kipimo hicho juu zaidi. Mwaka 2012 iliizuia Uingereza kumrudisha Omar Othman, ajulikanaye pia kama Abu Qatada, nchini Jordan, kwa kuwa kulikuwa na hatari ya kweli kwamba ushahidi uliopatikana kwa mateso ungetumika katika kesi yake, jambo ambalo majaji waliliona kuwa ni unyimaji wa haki wa kiwango cha "flagrant", yaani ule unaoharibu kiini chenyewe cha haki ya kusikilizwa, wala si kasoro ya kawaida ya utaratibu.

Neno hili hukaribiana na "blatant", lililoasisiwa na mshairi Edmund Spenser katika mwaka 1596, lakini hilo la pili husisitiza ukosefu wa haya, hata katika jambo dogo kama uongo wa mtoto, ilhali "flagrant" hudai pia kwamba kanuni yenye heshima imevunjwa. Kwa sababu hiyo, anayeandika "ukiukaji wa wazi" hufikisha nusu ya maana, na "ukiukaji mkubwa" hufikisha nusu nyingine. Taarifa ya kisheria huhitaji zote mbili, "ukiukaji wa wazi na mkubwa", ili shutuma ibaki na uzito iliokusudiwa.