Nyumba Inapouzwa: Kipi Hubaki, Kipi Huondoka

Mnunuzi wa nyumba huko Kihesa, katika Manispaa ya Iringa, aweza kulipa fedha zote na kupokea funguo, kisha akakuta tangi la maji limeshushwa, sinki la jikoni limeng'olewa na nondo za madirisha zimechukuliwa. Muuzaji hudai kwamba aliuza nyumba, si vyombo. Mnunuzi naye hudai kwamba alichokiona siku ya ukaguzi ndicho alichokilipia. Ugomvi wa namna hii huwa mzito zaidi mnunuzi anapokuwa chama cha ushirika, kwani hasara ni ya wanachama wote.

Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, haihesabu ardhi kuwa udongo peke yake. Huingiza pia vitu viotavyo juu yake kwa asili, pamoja na majengo na miundo mingine iliyoshikizwa kwa kudumu. Kwa hiyo, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo, kilichoshikizwa kwa kudumu huhama pamoja na nyumba hata kama hakikutajwa. Kinachohamishika hubaki mali ya muuzaji.

Ili kutofautisha viwili hivyo, huulizwa maswali mawili yenye asili katika sheria za Uingereza. Kwanza, kitu kimeshikizwa kwa nguvu kiasi gani? Pili, kimewekwa kwa kusudi gani: kuiboresha nyumba kwa kudumu, au kukitumia kitu chenyewe kwa muda? Mwaka 1872, katika shauri la Holland na Hodgson, iliamuliwa kwamba mashine za kufumia zilizopigiliwa misumari kwenye sakafu zilikuwa sehemu ya kiwanda. Jaji Blackburn alitoa mfano wa mawe: yakipangwa kuwa ukuta, hata bila saruji, ni sehemu ya ardhi, yakirundikwa tu katika uwanja wa mjenzi, ni mali ihamishikayo. Ndivyo ilivyo kwa matofali ya kuchoma.

Kwa kanuni hiyo, milango na fremu zake, madirisha, nondo, mabati, dari, nyaya za umeme, swichi, sinki, choo na makabati yaliyojengewa ukutani hubaki. Mparachichi uliokwisha kuota uani nao hubaki. Vitanda, mapazia, jokofu, jiko la gesi na mtungi wake, pamoja na matofali yaliyorundikwa nyuma ya nyumba, huondoka na muuzaji. Mita ya umeme si ya muuzaji wala ya mnunuzi. Ni ya TANESCO.

Vipo vitu vyenye utata: tangi la plastiki lililokalishwa tu juu ya mnara, paneli za umeme wa jua, pampu ya kisima, na mahindi ambayo bado hayajavunwa. Juu ya vitu hivi watu wenye nia njema huweza kutofautiana. Dawa yake ni maandishi. Sheria hiyohiyo hutaka mkataba wa kuhamisha ardhi uwe wa maandishi ili uweze kutetewa mahakamani. Basi orodha ya vifaa na iambatishwe kwenye mkataba huo.

Katibu anayekinunulia chama nyumba au ghala anashauriwa kukagua chumba kwa chumba pamoja na muuzaji na mjumbe wa kamati, kuandika kila kifaa kinachobaki na kila kinachoondoka, kisha wote watie sahihi kabla ya malipo. Siku ya kukabidhiwa funguo, orodha isomwe tena mbele ya mashahidi. Chama kinachofunga mashine ya kusaga katika jengo la kupanga nacho kiandikiane mapema na mwenye nyumba kwamba mashine ni ya chama na itaondoka nacho.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.