KUYEYUSHA BETRI ZA GARI UPATE RISASI: KUNA HELA AU NI KUJICHOSHA?

Leo tuongelee mchongo ambao vijana kibao mtaani wanaupigia hesabu: kupasua betri mbovu za gari, kuyeyusha risasi iliyomo na kwenda kuiuza kwa kilo. Nikisema risasi sina maana ya ile ya bunduki, ni yale madini ya kijivu, mazito, ambayo wavuvi wanatengenezea chubwi za nyavu.

Mshkaji wangu niliyemaliza naye Form Four alinifuata na wazo hilo. Alikuwa ameshachukua betri nne kwa mali kauli kwa fundi umeme wa magari hapa Dar, ana sufuria kuukuu na gunia la mkaa. Jiko lingewekwa uani kwao. Kwangu alitaka nguvu tu, tugawane nusu kwa nusu. Nikamwambia bro, kabla hatujawasha moto tupige hesabu kwanza.

NDANI YA BETRI KUNA NINI?

Chukua betri ya gari dogo yenye kilo 15. Kwa makadirio, kilo 4 ni risasi yenyewe kama chuma: zile nyavu za kwenye pleti, viungio na vile vichwa viwili vya kufungia waya. Kilo 6 hivi ni tope la kijivu na kahawia lililopakwa kwenye pleti. Kilo 3 na kitu ni maji makali, yaani asidi. Iliyobaki ni plastiki.

Hapo kwenye tope ndipo wengi tunapoingia mkenge. Sehemu kubwa ya risasi ya betri imo humo, ila imeshikana na oksijeni na salfa. Risasi tupu inayeyuka kwenye nyuzi 327 tu, hata jiko la mkaa linaiweza. Lile tope haliyeyuki hivyo. Viwandani wanalichoma kwenye tanuru la joto kubwa mno, wanachanganya na kaboni na vitu vingine ili risasi iachane na hivyo ilivyoshikana navyo. Wewe na sufuria yako utaliona linaelea juu kama uchafu, utalichota na kulimwaga nyuma ya nyumba. Yaani umetupa zaidi ya nusu ya mali, na mali yenyewe ni sumu.

HESABU SASA

Bei zinapanda na kushuka, kwa hiyo hizi ni za mfano tu. Tuseme mnunuzi wa skrepa anatoa shilingi 1,500 kwa kilo ya betri kama ilivyo, na shilingi 3,500 kwa kilo ya risasi iliyoyeyushwa.

Ukiuza betri ya kilo 15 kama ilivyo: 15 x 1,500 = 22,500.

Ukiyeyusha ukapata kilo 4 bila kupoteza hata tone: 4 x 3,500 = 14,000. Toa mkaa, tuseme 2,000. Unabaki na 12,000, na siku nzima imekwisha unapasua na kuchochea.

Ukitaka kujipimia kwa bei za kwenu, chukua bei ya kilo ya risasi ugawe kwa nne. Kama betri isiyopasuliwa inanunuliwa kwa kilo kwa bei zaidi ya hapo, kuyeyusha ni hasara. Mnunuzi sio mjinga, anajua lile tope lina thamani likifika kiwandani, ndiyo maana analilipia.

Najua kuna mdau atasema, mbona jamaa fulani anayeyusha kila siku na hela anapata? Hela anapata ndiyo, hasa kama betri anapewa bure. Ila angezipeleka kama zilivyo angepata zaidi, na asingekohoa.

NA HAPO HATUJAWEKA GHARAMA YA AFYA

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Inaingia kwa moshi na kwa vumbi, inajificha kwenye mifupa miaka na miaka. Mtu mzima anaumwa tumbo, kichwa, anafunga choo, presha inapanda. Mjamzito anaweza kupoteza mimba. Watoto ndio wanaumia zaidi, maana mwili wa mtoto mdogo unafyonza mara 4 mpaka 5 ya mtu mzima. Ubongo unadumaa, anakuwa mzito darasani, na sumu ikizidi anapata degedege na anaweza kufa. Mshkaji wangu ana mdogo wake wa miaka mitatu, na huo uani ndio anapochezea.

Kuna ile imani ya kunywa maziwa baada ya kazi. Wadau, maziwa hayaondoi risasi mwilini. Kitambaa puani nacho hakizuii moshi wake. Na vumbi unalibeba kwenye nguo mpaka kitandani.

Haya sio maneno ya kutishana. Pale Thiaroye-sur-Mer, Dakar nchini Senegal, watu walikuwa wamevunja betri kwa miaka mingi. Bei ya risasi ilipopanda wakaanza kuchimba na kuchekecha mchanga wa eneo lile ili wapate vipande vya kuuza, mwingine wakaupeleka mpaka majumbani. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa.

Hapa jirani Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kilikuwa ni kiwanda kabisa, kina bomba la moshi, sio sufuria. Kilianza 2007 kikafungwa 2014. Mama mmoja aliyewahi kuajiriwa pale, Phyllis Omido, aligundua mwanawe ana risasi kwenye damu, akaanza kupigania mtaa mzima. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama iliamua wananchi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Rufaa ikatengua 2023, kisha Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha uamuzi ule. Miaka yote hiyo ya kesi, na risasi ilishaingia kwenye mifupa ya watoto. Sasa kama kiwanda kimeshindwa kuizuia, sufuria ya uani itaweza?

UFANYEJE KAMA UNAZO BETRI?

Kwanza, usikubali haraka kwamba imekufa. Mpelekee fundi aichaji, iache ipumzike masaa kadhaa, aipime. Ikisoma karibu na volti 12.6 na ikakubali kupiga starta, hiyo unaiuza kama betri, sio skrepa.

Pili, iliyokufa kweli usiipasue wala kumwaga maji yake. Isimamishe wima, mbali na mvua, watoto na chakula. Vaa glavu, nawa kwa sabuni kabla ya kula, badili nguo kabla hujambeba mtoto.

Tatu, betri chakavu ni taka hatarishi. Ukitaka kukusanya kwa wingi, hapa Tanzania inatakiwa kibali, kaulizie NEMC mapema kabla hujakamatwa na mzigo.

Mshkaji alinuna siku mbili. Siku ya tatu tukazipima zile betri. Moja ilishika chaji, fundi mwenyewe akainunua tena. Tatu tukaziuza kama zilivyo, deni likalipwa, tukabaki na kidogo cha kugawana. Sio utajiri, ila sufuria imerudi stoo ikiwa safi na dogo anaendelea kucheza uani.

Kama kuna mtu anafanya hii kazi na hesabu zake ni tofauti, aziweke hapo chini tuzione. Naomba kuwasilisha.