Nyonga ya Chuma Ikiuma Tena, Damu Ipimwe

Zamani mtu aliyesagika nyonga au goti hakuwa na la kufanya ila kuketi mlangoni na fimbo yake. Leo katika parokia nyingi hukosi mzee, au hata kijana mwenye ugonjwa wa sikoseli, aliyewekewa kiungo cha chuma na plastiki pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili au kwingineko, akarudi nyumbani anatembea. Nyonga bandia za namna hii zilianza kushika njia Uingereza mwaka 1962, kwa kazi ya daktari John Charnley.

Adui mkubwa wa kiungo hicho ni vijidudu. Katika kila watu 100 wanaowekewa, mmoja au wawili hivi hupata maambukizo ndani ya kiungo. Ni wachache, lakini huyo mmoja anaweza kuwa mama yako. Wengi wao hufunguliwa tena, chuma hutolewa, na kwa wiki kadhaa hukaa na saruji iliyochanganywa na dawa mahali pa kiungo, ndipo wawekewe kingine. Wakichelewa sana, mguu au uhai wenyewe huwa hatarini.

Ubaya wa maambukizo haya ni kwamba mara nyingi huja kimya kimya. Homa hakuna, usaha hakuna. Mtu aliyekuwa anatembea vizuri anaanza kuumwa tena, hata usiku akiwa amelala. Nyumbani watasema ni baridi, au ni uzee. Mwingine atakimbilia dukani kununua kapsuli. Hapa ndipo damu inapotusaidia, kwa sababu vijidudu vikikaa kwenye kiungo, damu hubadilika jinsi inavyoganda.

Nieleze kidogo. Ndani ya maji ya damu mna protini iitwayo fibrinojeni, ambayo hutengenezwa na ini. Ukijikata kisu, fibrinojeni hugeuka nyuzi nyembamba ziitwazo fibrini, zikasukana kama wavu wa mvuvi na kunasa chembe za damu. Hilo ndilo donge linaloziba kidonda. Kidonda kikipona, mwili huyeyusha wavu huo, na vipande vyake huonekana katika damu. Kimojawapo huitwa D-daima. (Msidhani kina uhusiano na neno letu "daima", ni jina la maabara tu.)

Sasa, vijidudu vinapoingia kwenye kiungo, mwili huamsha kazi hiyo hiyo hata kama hakuna mahali palipokatika. Ini hutoa fibrinojeni nyingi zaidi, nyuzi hutengenezwa na kuyeyushwa mfululizo, na D-daima hupanda. Ni kama mwili unajaribu kuwazungushia wezi ukuta.

Lakini kuna kijidudu mjanja, stafilokokasi orea, ambaye ni miongoni mwa wanaoshambulia sana viungo bandia. Yeye anacho kitu chake cha kugandisha maji ya damu. Hujivika nyuzi hizo kama blanketi, askari wa mwili wasimfikie. Mafundi wa maabara humtambua kwa tabia hiyo hiyo: wanamtia kwenye bomba lenye maji ya damu, na baada ya saa chache yakiganda wanajua ni yeye. Juu ya chuma naye hutandaza utando wa utelezi, kama ule unaouona ndani ya mtungi usiosuguliwa. Dawa haipenyi humo vizuri. Ndiyo maana kapsuli za dukani hupunguza maumivu kwa siku chache, kisha yanarudi yale yale.

Je, tunapimaje? Kipimo kilichozoeleka katika hospitali zetu ni ESR. Damu iliyochanganywa na dawa ya kuzuia kuganda huwekwa kwenye bomba jembamba lililosimamishwa wima, tukatazama chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi kwa saa moja. Fibrinojeni ikiwa nyingi, chembe hushikana kama sarafu zilizopangwa, zikawa nzito na kuzama upesi. Kwa hiyo kipimo hiki cha bei nafuu, kisichohitaji hata umeme, kinatuonyesha kwa upande protini ile ile ya kugandisha damu. Mimi nakiheshimu sana. Kwa mwenye kiungo bandia, ikipita milimita 30 kwa saa madaktari huanza kushuku.

Hata hivyo ESR peke yake haihukumu. Upungufu wa damu, ujauzito na kifua kikuu huipandisha pia. Baada ya upasuaji wenyewe hukaa juu kwa wiki nyingi kwa kila mgonjwa. Kwa mwenye sikoseli mambo hugeuka: chembe zake zilizopinda kama mundu hazipangiki vizuri, hivyo namba inaweza kuwa ndogo huku maambukizo yapo. Wazazi wa vijana wa sikoseli waliowekewa nyonga, mkumbusheni daktari jambo hilo.

Kuhusu D-daima, mwaka 2017 madaktari wa Philadelphia, Marekani, waliwapima wagonjwa 245 wakaona inatambua maambukizo vizuri kuliko vipimo vya zamani. Mwaka 2018 ikaingizwa katika vigezo vya kimataifa. Lakini mwaka 2019 madaktari wa China walipoilinganisha na fibrinojeni, fibrinojeni ndiyo iliyofanya vizuri zaidi, na vigezo vya Ulaya vya mwaka 2021 havikuiweka D-daima kabisa. Basi usisikitike kama hospitali yenu haina mashine hiyo. ESR, pamoja na CRP ikipatikana, hufungua mlango. Kinachothibitisha hasa ni maji ya kiungo yaliyovutwa kwa sindano na kuoteshwa maabara.

Na maji hayo yavutwe kabla ya dawa! Mgonjwa akishameza viuavijasumu, vijidudu hujificha na maabara haioti kitu. Mara nyingi inabidi aache dawa kwa wiki mbili ndipo apimwe tena, na wakati huo mfupa unaliwa. Lakini mwenye homa kali na kutetemeka, au mwenye mshono unaotoa maji, afike hospitali siku hiyo hiyo.

Liko jambo jingine ambalo familia hulikosea. Damu iliyo tayari kuganda, kwa mtu anayelala kitandani siku nyingi, inaweza kufanya donge ndani ya mshipa wa mguu. Shavu la mguu mmoja huvimba, likawa la moto na kuuma. Tafadhali msilikande, wala kwa mafuta wala kwa maji ya moto. Donge likichomoka huenda kwenye mapafu. Mgonjwa hukosa pumzi ghafla, kifua kikamchoma, na anaweza kufa saa hiyo hiyo. Mpelekeni hospitali bila kungoja kesho.

Wengine tayari wanameza vidonge vya warfarini vya kuzuia damu kuganda. Hao wawe waangalifu. Rifampisini, dawa tunayoijua kwa kifua kikuu, hutumika pia kwa stafilokokasi wa kwenye chuma, nayo huipunguzia warfarini nguvu, damu ikaanza kuganda tena. Flagyl na Septrin hufanya kinyume: huizidishia nguvu, mgonjwa akatoka damu puani, kwenye fizi au katika mkojo. Kila dawa mpya inapoanzishwa au kusimamishwa, damu ipimwe upya na kipimo cha warfarini kirekebishwe.

Mnapomleta mgonjwa, njooni na vidonge vyake vyote katika mfuko mmoja, hata vile vya dukani mnavyoona haya kuvionyesha, pamoja na ile karatasi ya upasuaji yenye tarehe aliyowekewa kiungo.