Mtu Akilalamikia Kitabu cha Biblioteki ya Shule

Padri akitumwa shuleni hupewa funguo nyingi, na mmoja ni ule wa kabati la vitabu. Siku moja mtu atabisha mlango, kitabu mkononi, na kusema: « Padri, hiki kiondolewe. » Tufanye nini? Tulitazame jambo hili polepole, sababu linagusa imani ya watoto, haki ya wazazi na ukweli wenyewe.

Niungame kwanza kosa langu. Katika miaka ya mwanzo ya upadri wangu niliangalia biblioteki ya shule moja katika inchi ya Warega, upande wetu wa Kalima. Katekista mmoja, mtu wa sala, aliniletea kitabu cha kifaransa kinachoeleza chama cha bwami. « Padri, hiki kitarudisha watoto katika upagani. » Sikukisoma. Nilikifungia ofisini. Juma lililofuata alikuja mzee mmoja kwa ajili ya kitabu kile kile: « Baba Padri, picha hizi zinaonyesha vitu ambavyo asiyeingizwa hapaswi kuviona. » Kisha akaja mwanafunzi wa darasa la mwisho, aliyetaka kuandika juu ya desturi za babu zake. Nilimwambia: « Kimepotea. » Hivi mimi, mlinzi wa ukweli, nilisema uongo.

Usiku ule nilikisoma chote. Nilikuta humo mafundisho mengi kwa njia ya methali, juu ya kujitawala, heshima na amani. Nilikuta pia mambo ambayo mkristu hawezi kuyapokea. Katekista hakuwa mjinga, mzee hakuwa mjinga. Mjinga alikuwa yule aliyekata shauri bila kusoma.

Tukumbuke kwamba serikali ya Wabeleji ilikataza bwami mwaka 1948. Sanamu nyingi za pembe na za mti zilichukuliwa mbali, na leo nyingine ziko katika nyumba ya makumbusho ya Tervuren. Tukiondoa hata kitabu, mtoto wa Kalima atajulia wapi mambo ya wazee wake, na atapimaje lipi ni jema?

Mambo haya si ya kwetu tu. Katika Februari 2023 waziri wa elimu wa Tanzania, Adolf Mkenda, alikataza vitabu 16 katika shule za inchi yake. Na sisi wenyewe tumeonja uchungu huo: mwaka 1974 serikali ya Zaire ilitwaa shule za misheni, na mafundisho ya dini yakatolewa darasani. Eklezya ilirudishiwa usimamizi wa shule zake mwaka 1977 tu. Anayezoea kuondoa vitabu kwa nguvu, ajue kwamba kesho mwenye nguvu zaidi ataondoa vyake.

Eklezya inasema nini? Tangu 1559 Roma ilikuwa na orodha ya vitabu vilivyokatazwa, iliyoitwa Index. Mwaka 1966 orodha hiyo ilikoma kuwa sheria, lakini wajibu wa dhamiri ulibaki. Sheria ya Eklezya ya 1983, kanoni 823, inawapa wachungaji haki na wajibu wa kuangalia maandiko yasidhuru imani na mwenendo mwema. Tena katika Matendo ya Mitume, sura ya 19, waganga wa Efeso walichoma vitabu vya uchawi. Lakini vilikuwa vyao wenyewe. Na katika sura ya 8, Filipo hakumnyang'anya Mwetiopia kitabu: alipanda garini, akakaa naye, akamweleza.

Basi, hii ndiyo njia ninayoshauri.

Kwanza, mpokee mtu kwa heshima. Mkalishe, msikilize mpaka mwisho, usimwahidi kitu.

Pili, aandike lalamiko lake: jina la kitabu, ukurasa, anachoogopa, na kama amekisoma chote. Asiyejua kuandika aandikiwe, kisha asomewe.

Tatu, kitabu kikae mahali pake mpaka shauri likatwe. Kukificha ni kukihukumu kabla ya kesi.

Nne, watu watatu au watano wakisome chote: prefe wa masomo, mwalimu wa somo lile, mtu wa komite ya wazazi, na padri. Waulize: kinasaidia nini? Kinafaa umri gani? Mchimbaji wa Kalima hatupi karai zima kwa sababu ya mchanga. Anaosha, anabakiza kasiterite. Kama ni kitabu cha kufundishia dini, watazame kwanza kama kina kibali cha askofu.

Tano, shauri liandikwe pamoja na sababu zake, na mlalamikaji aelezwe. Kitabu kitabaki, au kitabaki kwa madarasa ya juu, au kitasomwa pamoja na mwalimu, au kitaondolewa. Kikiondolewa, kiondolewe wazi, si kwa wizi.

Tusisahau neno la Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1965: wazazi ndio walezi wa kwanza. Mzazi akitaka mtoto wake asisome kitabu fulani, mpe mtoto kingine bila kumwaibisha. Lakini mzazi huyo hawakatii shauri watoto wa jirani.

Na dawa bora ni ile ya mapema. Vitabu vingi vinatufikia kama zawadi, masanduku kwa masanduku. Visomwe kabla ya kuwekwa katika kabati.

Kitabu cha bwami kilifuata njia hiyo, kikabaki kwa madarasa ya juu. Katekista alikubali kuja kueleza wanafunzi lipi linapatana na Evanjili na lipi halipatani. Mzee naye alikuja, akaeleza yale aliyoweza kusema mbele ya watoto, akanyamazia mengine. Mimi nilimwita yule mwanafunzi, nikamwomba msamaha, nikamkabidhi kitabu mkononi.