Je, Wajua: Tochi ya Noti Inaweza Kukuonyesha Urani

Ile tochi ndogo ya zambarau ambayo wenye maduka humulikia noti wakitafuta za bandia ina kazi ya pili. Ukikutana na bakuli la kioo la zamani, la manjano au la kijani, kwenye meza ya mitumba jijini Lilongwe, lipeleke mahali penye giza ulimulike. Likiwa la kawaida, utaona zambarau tu. Likiwa na urani, litawaka lote kijani kikali, kama jani changa la mgomba lililopigwa jua kwa nyuma, na mdomo wake utawaka kuliko tumbo. Zima tochi, na papo hapo linarudi kuwa bakuli.

Ndiyo, urani, madini yale yale ya bomu. Martin Klaproth wa Ujerumani aliitambua mwaka 1789. Miaka ya 1830, ukoo wa Riedel huko Bohemia, ambayo leo imo nchini Cheki, ukaitumia kutia vioo rangi, na vioo hivyo vikaitwa kwa jina la Anna, mwanamke wa ukoo huo. Kwa kawaida urani haizidi asilimia 2 ya uzito wa chombo. Marekani ya miaka ya 1930, uchumi ulipoanguka, vyombo vya kijani vya namna hii viliuzwa kwa bei ya kutupa.

Wakazi wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, wana haki ya kulitazama bakuli hilo kwa jicho lao wenyewe, kwa kuwa wengi wao wametoka Kongo. Urani ya Shinkolobwe, Katanga, iligunduliwa mwaka 1915. Kampuni ya Union Minière, iliyochimba huko, ilichokitaka ni radiamu, iliyokuwa ghali kupita dhahabu mara nyingi. Urani ilibaki kama makapi, ikauzwa rahisi kwa wenye viwanda vya vioo na vigae. Kwa hiyo sahani ya Ulaya ya miaka ya 1920 huenda imebeba jiwe la Katanga. Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia. Urani ya Shinkolobwe ikaingia kwenye bomu la Hiroshima, na kuanzia mwaka 1943 hadi 1958 viwanda vya vioo vya Marekani vilinyimwa madini hayo. Malawi nayo inayo yake: mgodi wa Kayelekera, Karonga, ulifunguliwa mwaka 2009.

Wengi hudhani kijani kile ndio mnururisho wenyewe. Sivyo. Urani hunywa mwanga wa urujuanimno, ambao jicho halioni, na kuutoa tena ukiwa kijani. Mnururisho ni jambo jingine: ni mdogo, upo hata tochi ikiwa imezimwa, na unahitaji mashine ya kuupima.

Jihadhari pia na vioo vyenye manganizi, ambavyo navyo hung'aa kijani, ila kwa unyonge. Tochi za bei nafuu, za nanomita 395, zinasaidia hapa: chini yake manganizi hufifia, urani haifichiki.

Ukilipata bakuli kama hilo, usilitie chakula, hasa kichachu kama ndimu, wala usilisage au kulitoboa, maana vumbi lake likivutwa puani ndilo lenye hatari. Liweke kabatini, ulionyeshe watoto usiku, na uwaambie Shinkolobwe iko wapi.